Dagaa Huanuliwa, Picha Haianuliwi

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mvua za vuli zimeshika, na barabara ya Musoma inateleza kama sabuni. Pale Mabatini, hapa Mwanza, pikipiki ilikuwa imeingia mtaroni ikikwepa daladala iliyosimama ghafla kupakia abiria. Dereva wake, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijajaa, alilala ubavu, mguu mmoja umepinda mahali ambapo mguu haupindi, suruali imechanika toka kiunoni hadi gotini. Alikuwa hai. Midomo ilikuwa inatikisika, anasema kitu, na hakuna aliyeinama kusikia ni nini. Nilihesabu simu tisa zimenyooshwa juu yake.

Mama mmoja anayeuza nyanya ng'ambo ya barabara akavuka. Alikuwa amefunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, kama wafungavyo akina mama wengi wa sokoni. Akafungua ya juu, akamfunika yule kijana kuanzia kifuani hadi chini ya magoti, kisha akapiga magoti kwenye tope na kumsogelea sikioni: "Mwanangu, mama yako yuko wapi?" Nyuma yake mtu mmoja aliyekuwa anarekodi akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakuwa na ukali: "Mama, sogea kidogo, unaziba."

Neno hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Kwa yule aliyelitamka, kilichokuwa kinatokea mtaroni ni picha, na mama alikuwa amesimama mbele ya picha. Na niseme la kwangu kabla sijawasema wengine: simu yangu nayo ilikuwa mkononi. Sikurekodi, lakini sikuinama pia. Nilisimama hatua nne kutoka pale nikitazama, mpaka vijana wa bajaji walipomnyanyua na kumkimbiza hospitali.

Haijafika saa nne asubuhi, picha ilikuwa imenifikia mara mbili. Ya kwanza ilikuja kwenye grupu la wazazi wa shule anakosoma mwanangu, ya pili kwenye grupu la jumuiya yetu ya sala, ikiwa na maneno "Mungu atusaidie" na vile vikono viwili vya kuomba. Ilipigwa kabla ya kanga kufika. Jioni mfanyakazi mwenzangu anayeishi Kisesa akaniambia kijana yule ni wa mtaani kwake, na kwamba mama yake mzazi alipata habari kwa kufungua stetasi ya mwanakikoba mwenzake. Aliuona mguu wa mwanawe, na nguo ya ndani ya mwanawe, kabla mtu yeyote hajampigia simu kumwambia mtoto amepata ajali.

Kiswahili kina neno kwa jambo hili, nasi watu wa ziwani tunalijua kuliko wengine kwa sababu tunalifanyia kazi kila siku. Kuanika. Nenda Igombe au Kayenze asubuhi, baada ya usiku wa giza ambao wavuvi wamekesha na taa zao majini. Utawakuta wanawake wanamwaga dagaa, wanawatandaza juu ya nyavu kuukuu au juu ya chanja, wanapita katikati wakiwageuza kadiri jua linavyopanda. Kinachoanikwa huchungwa. Yupo anayefukuza ndege na mbuzi, yupo anayetazama mbingu. Wingu likijikusanya kule upande wa visiwani, sauti inapigwa, na kila aliyepo pale anakimbilia kuanua, wake na wa jirani aliyetoka kidogo. Dagaa walionyeshewa hubadilika rangi na harufu, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Ndiyo maana anayeanika hukaa karibu, tayari kuanua.

Neno hilohilo tunalitumia kwa aibu. Tunasema fulani kaanikwa, wamemwanika. Lakini sikiliza vizuri jinsi watu wanavyozungumza: sijawahi kumsikia mtu akisema fulani kaanuliwa. Lugha ina kuanika watu, haina kuwaanua. Waliotuachia lugha hii nadhani walijua kwamba mtu akishawekwa juani hakuna wa kumkusanya.

Simu zenyewe zinajaribu kutupa njia ya kuanua, na inafaa kujua inaishia wapi. WhatsApp iliweka uwezo wa kufuta ujumbe kwa wote mwaka 2017, mwanzoni ukiwa na dakika saba tu. Tangu 2022 unaweza kufuta ndani ya siku mbili na nusu hivi. Kinachofutika ni ule ulioutuma wewe. Nakala iliyokwishajihifadhi kwenye simu ya mwingine haifutiki, picha ya skrini haifutiki, na iliyokwisharuka kwenda grupu jingine haina habari na wewe. Kampuni hiyohiyo iliona hatari ya kusambaza ovyo, ikaweka mipaka: tangu 2019 ujumbe hauendi zaidi ya mazungumzo matano kwa mpigo, na tangu Aprili 2020 ule uliokwishasambazwa sana unaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Ni breki nzuri, lakini piga hesabu ya watano watano. Wewe umewatumia watu watano, kila mmoja wao kawatumia watano, na hao nao vivyo hivyo. Mkono wa tano peke yake ni watu 3,125. Hapo sijahesabu kwamba moja ya hayo mazungumzo matano laweza kuwa grupu la watu mia mbili.

Sasa Mwanza si mji wenye upungufu wa dini. Jumapili vilima vyetu vinaimba toka alfajiri, kila jiwe kubwa lina kwaya chini yake. Ijumaa mchana maduka ya katikati ya mji yanafungwa nusu, wenyewe wako msikitini. Viwanja vya Furahisha havikai muda bila mkutano wa injili. Na neno stara, au sitara, latajwa mara nyingi katika mahubiri na mawaidha. Nimelisikia miaka yote ya maisha yangu. Lakini nikikumbuka ni katika mada gani, karibu mara zote ni mavazi, na karibu mara zote ni mavazi ya wanawake. Tumelifupisha neno pana mpaka likatosha urefu wa sketi.

Kusitiri katika vitabu ni kazi anayofanya mtu kwa ajili ya mwenzake. Wakristo wanakijua kisa cha Nuhu katika sura ya tisa ya Mwanzo: mzee kalewa divai, kalala uchi hemani. Mwana mmoja anaona, anatoka nje kuwasimulia ndugu zake. Wale wawili wanachukua nguo, wanaiweka mabegani, wanatembea kinyumenyume mpaka kwa baba yao, wanamfunika, na nyuso zao zimegeukia upande mwingine. Sijui kisa kinachofanana zaidi na mtaro wa Mabatini. Nuhu alikuwa na kosa, alilewa mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Hata hivyo waliofunika ndio waliobarikiwa, na yule aliyetoka nje na habari, habari ya kweli kabisa, ndiye ambaye ukoo wake ulibeba laana. Waislamu nao wanafundishwa kwamba amsitiriye Muislamu mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri, na Suratul Hujurat inakwenda mbali zaidi: inakataza kudhaniana vibaya, inakataza kupelelezana, inamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Sura hiyohiyo, aya chache kabla, inawaambia waumini kwamba mpotovu akiwaletea habari waichunguze, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Nimesoma aya hiyo mara kadhaa nikidhani iliandikwa kwa ajili ya magrupu yetu.

Mtu atasema basi tulaumu simu. Siwezi kukubaliana naye, kwa sababu ninakumbuka. Miaka ya tisini, soko la habari lilipofunguliwa na magazeti binafsi yakazaliwa, yalikuja na magazeti ya udaku, na habari iliyouza kuliko zote ilikuwa fumanizi. Mpiga picha anaitwa kabla ya balozi wa nyumba kumi. Mlango unavunjwa, mwanamke anajifunika shuka, taa ya kamera inawaka. Gazeti hilo tulilinunua. Lilisomwa vijiweni, kwenye saluni, chini ya meza za ofisi, likapita mikono ishirini kabla ya kufungia maandazi. Simu imerithi tabia iliyokuwa imeshalelewa, ikaondoa gharama ya karatasi.

Na kabla ya magazeti kulikuwa na mdomo mtupu. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Bibi amepika maisha yake yote kwa samadi ya ng'ombe katika vijiji ambako miti imekwisha, moshi umemla macho miaka hamsini, na siku mtoto wa jirani anapofariki mtu anamkumbuka yule bibi mwenye macho mekundu. Neno linatoka kisimani, linakwenda kilabuni, linarudi usiku likiwa na panga. Hapakuwa na intaneti katika jambo hilo. Palikuwa na mtu wa kwanza aliyesema, wa pili aliyeongeza, na wengine wengi ambao kila mmoja aliamini kwamba yeye kasikia tu. Ni palepale tulipo leo. Waulize watu wa grupu lolote waliopitisha picha ya yule kijana: kila mmoja atakuambia mimi sikupiga, nimetumiwa. Tumejenga imani kwamba kutazama si tendo na kupitisha si tendo, tendo ni la yule wa kwanza peke yake. Hapo ndipo maadili yetu yamevunjika, na hakuna mahubiri ya sketi yatakayopaunga.

Wanaume wenzangu, na hili nalisema kwetu, tuna neno letu la mtandaoni: koneksheni. Video ya faragha ya binti fulani ikivuja, watu wazima wenye watoto wa rika lake wanaanza kuulizana, "Nani ana koneksheni?" Anayeuliza hana aibu, anayetuma anashukuriwa, aliyevujisha hatajwi hata jina. Binti ndiye anayeacha chuo. Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama, kwa maana kwamba hata aliyeaibishwa ana namna ya mwisho ya kujihifadhi, anainama, anajikunja, dunia inapita. Huyu binti hana pa kuchutama, kwa sababu ndani ya simu za watu amesimama daima, na kila mwaka atatokea asiyewahi kumwona akaomba atumiwe. Na nijuavyo mimi, baadhi ya waombaji hao wana viti vyao vya mbele kwenye nyumba za ibada.

Sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na familia yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022. Ni vizuri zikawepo. Lakini mama wa Kisesa hatakwenda kushtaki watu elfu tatu.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na nisipousema nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikiwa njiani kuja Mwanza, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Walikufa mamia ya watu, makadirio mengi yanazidi 800, na wengi wao wamelala Igoma mpaka leo. Habari tulizipata redioni na kwa midomo ya watu. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa vijana waliojitolea kubeba miili. Mpaka anaingia kaburini hakutusimulia alichokiona, zaidi ya kusema walikuwa wengi na kwamba kanga hazikutosha. Nilikua nikiuheshimu ukimya ule, na bado nauheshimu. Alikuwa ametembea kinyumenyume kama wana wa Nuhu.

Lakini miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka mbele ya gati la Bwisya, kisiwani Ukara, watu wa nchi kavu wakiwa wanakiona. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Kujaza chombo kupita kiasi kulikoua Bukoba kulikuwa bado kunaishi nasi, kunakata tiketi kila siku ya gulio. Safari hii picha za miili zilitufikia kwenye simu hata kabla ya majina. Nilizichukia picha zile. Hata hivyo najiuliza: tulipowafunika wafu wa 1996, je, hatukuufunika na uzembe pamoja nao, kwa kanga ileile?

Sitara ni haki ya aliyeumia. Uzembe hauna haki hiyo, wala mwenye mamlaka aliyeruhusu kivuko kujaa. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki, kamera za watu wa ufukweni zilifanya kazi ya heshima. Zilionyesha wavuvi wakifika wa kwanza na mitumbwi yao, zikaonyesha umati ukivuta ndege kwa kamba. Kila aliyeona kamba ile alielewa bila kuelezwa hali ya vifaa vyetu vya uokoaji, na swali likaulizwa nchi nzima. Picha hiyo haikumvua nguo maiti yeyote. Ilituvua sisi kama taifa, na tulistahili.

Kwa hiyo Kiswahili kinanilazimisha kutenganisha maneno mawili. Kuna kuanika na kuna kufichua. Anayefichua anachimbua kilichofichwa na mtu mwenye nguvu ili asiendelee kudhuru. Anayeanika anamtoa nje mtu ambaye tayari yuko chini. Mwaka 2008, wakati ndugu zetu wenye ualbino wanawindwa katika Kanda hii ya Ziwa, mwandishi wa BBC Vicky Ntetema alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaenda kwa waganga mmoja baada ya mwingine mpaka wakamtajia wenyewe biashara yao ya viungo vya binadamu. Alitishiwa maisha, akalazimika kujificha. Januari 2009 serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Yeye alikielekeza kinasa sauti kwa muuzaji. Wakati huohuo wapo waliokuwa wanazungusha picha za watoto waliokatwa mikono, vidonda vikiwa wazi, sura zikiwa wazi, na wakaamini kwamba nao wanapigana vita ileile. Hawakuwa vitani. Mtoto aliyepona panga alitazamwa na nchi nzima akiwa kidonda, na leo ni mtu mzima, ana jina, huenda anatafuta kazi.

Wahenga hawakutuacha bila kipimo. Walisema mficha uchi hazai. Mama mjamzito mwenye kuona haya mbele ya mkunga atapoteza mtoto, lazima afunuliwe. Lakini afunuliwe kwa mkunga. Hakuna aliyewahi kuitafsiri methali hiyo kwamba mlango wa chumba cha uzazi ufunguliwe sokoni. Kwangu swali la kujiuliza kabla ya kidole kugusa skrini ni hilo tu: huyu ninayemtumia ni mkunga? Ana mikono ya kusaidia? Picha ya yule kijana ingemfikia mwenye gari, au daktari, au ndugu yake wa kumtolea damu, ningekaa kimya. Iliwafikia wazazi mia na ishirini wa darasa la nne.

Kinachoniuma kuliko vyote, hata hivyo, kimo ndani ya nyumba zetu za ibada zenyewe. Huko ndiko tulikotegemea mkono utakaorudisha kanga, na huko nako wameanza kusema unaziba.

Mwaka juzi, mwishoni mwa Ramadhani, nilialikwa kushuhudia ugawaji wa futari na vyakula kwa wajane na yatima katika kata moja hapa jijini. Wenye kutoa walikuwa watu wema. Mchele ulikuwa mzuri, mafuta lita tatu tatu, sukari, tende. Walipanga wajane mstari mmoja nyuma ya bango lenye majina ya wafadhili. Bibi mmoja alipopewa mfuko wake akageuka kuondoka. Akaitwa arudi. Hakuwa ametazama kamera. Akarudi, akapewa tena mfuko uleule, safari hii akauinua kidogo kama alivyoelekezwa, na mpiga picha akamwomba atabasamu. Nilimwona akitabasamu. Miezi michache baadaye, wakati wa Krismasi, nikaona jambo hilohilo likifanywa na waumini wa upande mwingine kwenye kituo cha watoto, mfano mmoja na mwingine huwezi kuutofautisha ila kwa nguo za viongozi. Watoto walishika daftari juu, wakaimba asante, video ikarushwa moja kwa moja.

Hawa wote wanavisoma vitabu vyao. "Bali wewe utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume," inasema Mathayo 6. Na Suratul Baqara inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimango na maudhi, kama yule anayetoa mali yake ili watu wamwone. Sasa mkono wa kushoto ndio unaoshika simu. Najua jibu lao, maana niliwauliza: wafadhili wanataka ushahidi, na bila picha mwakani hawatatoa. Nalielewa jibu hilo na silidharau. Mwenye kutafuta mchele wa watu mia tatu ana mzigo ambao mimi sina. Lakini ushahidi wa mchele ni risiti ya mchele, na picha ya magunia, na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Uso wa bibi hauthibitishi uzito wa kilo. Unathibitisha kwamba bibi ni maskini, na hilo wajukuu zake wataliona siku moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa shuhuda na maombezi yanayorushwa. Mama anasimama mbele ya maelfu, anataja ugonjwa wake, anataja alichofanyiwa na mume, anaanguka, nguo inapanda, kamera inasogea badala ya kurudi nyuma. Wakati fulani wahudumu wa makanisa haya walikuwa na desturi nzuri sana. Mwanamke akianguka kwenye maombi, dada mmoja aliyekaa tayari na kanga begani anakimbia kumfunika miguu. Kanga zile zilikuwa sehemu ya ibada kama biblia zilivyo. Mahali pengi bado zipo, na ninawashukuru akina dada hao. Ila nimeona na video ambazo kanga imechelewa, na kipande hichohicho kilichochelewa ndicho kilichokatwa kikawekwa mwanzoni ili watu waingie kutazama. Kuna mtu alikaa chini akakichagua. Alikuwa na muda wa kufikiri, tofauti na wale tisa wa mtaroni.

Wasukuma wana kitu kinaitwa mwano, yowe la kuomba msaada. Likipigwa usiku, mwizi kaingia zizini au nyumba inaungua, kila mwenye nguvu anatoka na alichonacho, na asiyetoka ana kesi ya kujibu kesho yake. Sitaki kulipamba, yowe hilohilo limewahi kuwakusanya watu wakamwua asiye na hatia kwa mawe, na sungusungu waliolitumia kulinda ng'ombe waliwahi kulitumia kuwapiga vikongwe. Ila lilikuwa na sheria moja ambayo naiona imetutoka: aliyesikia amewajibika. Masikio yakishapokea, miguu haina hiari. Picha ya kijana akivuja damu ni yowe, hata kama imekuja bila sauti. Tuliolipokea grupuni tulijibu kwa vikono vya kuomba, tukalipitisha mbele, na kila mmoja akaendelea kunywa chai.

Wiki kadhaa baadaye nilishuka Mabatini kununua nyanya kwa yule mama. Hakunikumbuka, na hakukuwa na sababu ya kunikumbuka. Nilimwuliza kuhusu kanga yake kama alirudishiwa. Akacheka kidogo, akasema ilikwenda na mtoto wa watu kwenye bajaji, haikurudi. "Lakini ilikuwa doti, baba. Kipande kingine hiki hapa nimejifunga." Kisha akaacha kupanga nyanya, akanitazama. "Na wewe uliyekuwepo, alipona?"

Sikuwa najua. Picha ya mguu ule ilinifikia mara sita kwa jumla, na sikuwahi kuuliza. Nikampigia mfanyakazi mwenzangu wa Kisesa nikiwa nimesimama palepale mezani, simu nikaiweka sauti kubwa ili na mama asikie. Amewekewa chuma, akasema, anatembea kwa magongo, mama yake anamtoa nje asubuhi akae kwenye jua.